Barua za Zamani Zinapogoma Kuhifadhiwa: Tuliyojifunza Kwenye Outlook za Ofisi za Kigoma

Mzigo mmoja unaofika Kigoma kwa treni na kuvushwa ziwa kwenda Kalemie au Bujumbura una msururu wake wa barua pepe. Kuna ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, kibali, stakabadhi ya malipo, kisha majibizano ya kusahihisha uzito ulioandikwa vibaya. Karibu kila barua inakuja na PDF iliyoskaniwa. Ofisi ya wakala wa forodha ikifanya kazi hiyo miaka michache, Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, inaanza kujikokota, na mtu anatoa wazo zuri kabisa: barua za zamani zitolewe kwenye sanduku zikakae kwenye faili la kumbukumbu. Hapo ndipo ujumbe wa makosa unapoanza kutokea kwenye skrini.

Sisi tunaohudumia kompyuta za ofisi hizi, pamoja na za shule, zahanati na mashirika ya njia ya Kasulu na Kibondo, tumeyaona makosa hayo kwa sura nyingi, lakini asili zake ni chache. Mara nyingi barua zenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye faili linalozipokea, au kwenye tarehe ambayo programu inaitumia kuamua barua ipi ni ya zamani. Tunalisisitiza hili kwa sababu anayeamini barua zimeharibika hukimbilia kutengeneza, na kutengeneza kitu kizima ndiko kunakopoteza barua. Na hizi si barua za kupoteza. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka 5, na siku hizi nyaraka nyingi hazipo kokote isipokuwa kwenye barua pepe.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyobeba jina moja. Kwenye Outlook za kuanzia 2016 kuna kitufe kilichoandikwa Archive juu ya orodha ya barua, na kitufe cha Backspace kwenye kibodi kinafanya kazi hiyo hiyo. Ukikibofya, barua inahamia folda iitwayo Archive ndani ya sanduku lile lile. Haijatoka kwenye seva, haijapunguza hata kilobaiti moja. Watu wengi wanaolalamika kwamba "nimehifadhi lakini sanduku bado limejaa" wametumia kitufe hiki. Kitu cha pili ni AutoArchive, ambayo inazitoa barua kwenye sanduku na kuziweka kwenye faili la pekee lenye mwisho wa .pst ndani ya diski ya kompyuta. Hilo la pili ndilo tunalolizungumzia hapa, na ni la Outlook ya kawaida ya Windows, ile inayotambulishwa kama classic. Outlook mpya haina AutoArchive kabisa. Ukitafuta menyu zilizotajwa hapa usizione, tazama juu kulia mwa dirisha. Swichi ya New Outlook ikiwa imewashwa, izime kwanza.

Kuna jambo jingine linalowachanganya maafisa TEHAMA wapya. Katika ofisi ambayo sanduku lake liko kwenye Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, na msimamizi amewasha hifadhi ya mtandaoni, mipangilio ya AutoArchive haionekani. Hapo hakuna kilichoharibika. Uamuzi wa barua ipi ihamishwe na lini umeshachukuliwa huko kwenye seva, kwa hiyo zungumza na msimamizi wala usihangaike kusakinisha programu upya.

Baada ya hapo tunafika kwenye faili. Kabla ya kugusa chochote, bofya File, kisha Account Settings, kisha Account Settings tena, halafu fungua kichupo cha Data Files. Utaona orodha ya mafaili na njia ya kila moja, yaani folda linamokaa. Chagua lile la kumbukumbu, mara nyingi jina lake ni archive.pst, kisha bofya Open File Location. Soma njia yake neno kwa neno na uangalie ukubwa wake. Dakika mbili hizi zinatatua makosa mengi kuliko zana yoyote ya kutengeneza.

Ukikuta njia inapita kwenye folda ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, umeshampata mshukiwa wa kwanza. Outlook kwa kawaida huweka mafaili ya .pst kwenye folda ya Documents, ndani ya Outlook Files. Windows nayo, siku mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, humshawishi akubali Documents zake zitunzwe OneDrive. Akikubali bila kusoma, faili la kumbukumbu linabebwa humo humo. Kuanzia siku hiyo kila barua inayoingia kwenye faili inalibadilisha, OneDrive inataka kulipakia upya, na Outlook inataka kuendelea kuliandika. Ndipo unapotokea ujumbe kwamba faili linatumika na haliwezi kufikiwa. Kwa intaneti ya kifurushi cha simu, ambayo ndiyo ofisi nyingi ndogo za Mwanga na Gungu zinaitegemea, faili la gigabaiti 8 linalojaribu kupanda mtandaoni kila siku linamaliza bando pia, na mwenye ofisi anabaki kumshuku jirani kwamba ameiba Wi-Fi.

Kulihamisha ni rahisi ukifuata utaratibu. Sitisha OneDrive kwanza. Funga Outlook, kisha fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc uhakikishe OUTLOOK.EXE haipo kwenye orodha, kwa sababu mara nyingi dirisha linafungwa ilhali programu bado inaendelea kufanya kazi nyuma. Tengeneza folda mpya kwenye diski C, iite tu C:\Kumbukumbu, kisha likate faili na ulibandike humo. Fungua Outlook. Itakapolalamika kwamba hailioni faili, bofya OK na uielekeze kwenye folda mpya. Kosa lenye namba 0x8004010F lina maana hiyo hiyo: Outlook inaambiwa kuna faili mahali fulani na ikifika hapo hailikuti. Halisemi kwamba barua zimekufa. Tumeona watu wakifuta wasifu wote wa Outlook kwa sababu ya namba hiyo, wakati faili limelala salama kwenye folda ambayo mwenzao wa zamu alilihamishia.

Mshukiwa wa pili ni folda ya pamoja. Njia inaanza na mikwaju miwili na jina la kompyuta nyingine, au inaanza na herufi ya diski iliyounganishwa kupitia mtandao. Wazo lake linaeleweka: ofisi ina kompyuta moja imara, basi kumbukumbu za wote zikae pale. Lakini Microsoft yenyewe haiungi mkono kutumia .pst kupitia mtandao wa ofisi, na sababu yake ni ya msingi. Faili la .pst limeundwa lifunguliwe na mtu mmoja, likiwa kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta ile ile. Watu wawili hawawezi kulifungua kwa pamoja, na kebo ya mtandao ikichomoka au swichi ikizima katikati ya uandishi, muundo wa ndani wa faili unachanika. Kinachofaa kukaa kwenye kompyuta ya pamoja ni nakala iliyofungwa, siyo faili linaloandikwa kila siku.

Flashi ni mshukiwa wa tatu, na shida yake kubwa ni kwamba haionekani mpaka siku unayoihitaji. Flashi nyingi za gigabaiti 32 kushuka chini zinakuja zikiwa na mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Flashi inaweza kuwa tupu kabisa, yenye nafasi ya gigabaiti 29, lakini faili la kumbukumbu lenye gigabaiti 6 linakataliwa kwa maneno kwamba ni kubwa mno kwa mfumo wa mahali linapokwenda. Mtu anadhani flashi ni feki na kununua nyingine ya aina ile ile. Dawa ni kuifomati kwa exFAT au NTFS: bofya kulia kwenye flashi, chagua Format, badilisha File system, kisha Start. Kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha picha za harusi za watu kwanza. Na hata ikishafomatiwa, flashi ni ya kubebea nakala. Usimwelekeze AutoArchive aandike moja kwa moja kwenye diski E, kwa sababu siku flashi ikiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda Ujiji, zoezi zima linakwama na ujumbe wa kosa unatokea kila Outlook inapofunguliwa.

Kama faili liko mahali pazuri na bado linasemekana linatumika, tafuta nani amelishika. Antivairasi inayolichambua faili kubwa ni chanzo kimoja. Programu ya kuchukua nakala rudufu iliyopangwa kuanza saa 2 asubuhi, saa ile ile ofisi inafunguliwa, ni chanzo kingine. Akaunti ya pili ya Windows iliyobaki wazi kwenye kompyuta hiyo hiyo, mtu akiwa amebadilisha mtumiaji bila kutoka, nayo inatosha. Kuwasha upya kompyuta kunaachilia vyote hivyo kwa muda, ila usipokigundua kilichoshika, kesho kitalishika tena.

Ukubwa ni suala la pekee, na lina kizingiti ambacho wengi hawakijui. Kuanzia Outlook 2010, faili la .pst lina kikomo cha gigabaiti 50. Katika Outlook 2003 na 2007 kilikuwa gigabaiti 20. Lakini faili haliendi hadi 50 kamili ndipo likatae. Kuna kikomo cha tahadhari kilicho kwenye asilimia 95, yaani megabaiti 48,640, sawa na gigabaiti 47.5. Hapo ndipo linapoacha kupokea barua. Kwa hiyo ukiona faili lina 47 na ushei na uhifadhi unagoma, usiseme "bado kuna nafasi ya 3". Limeshajaa.

Namba hizo zinaweza kupandishwa ndani ya Registry, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, kwa WarnLargeFileSize na MaxLargeFileSize, na kuna mafundi wanaofanya hivyo siku ya kwanza. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Faili la gigabaiti 60 halitoki kirahisi kwenye kompyuta, halinakiliwi kwa haraka, na likiumwa, ukaguzi wake unachukua siku nzima ya kazi. Lililo bora ni kuligawa kwa miaka.

Kazi ya kugawa ina mpangilio wake, nao ni kuanza na mwaka wa mbali zaidi. Bofya File, kisha Info, kisha Tools, kisha Clean Up Old Items. Chagua folda unayotaka pamoja na zilizo chini yake. Kwenye Archive items older than weka tarehe 1 Januari 2020, na kwenye Browse andika jina la faili jipya, kwa mfano Kumbukumbu_2019.pst. Subiri imalize. Rudia kwa tarehe 1 Januari 2021 na faili la Kumbukumbu_2020.pst, na uendelee hivyo. Ukianza na mwaka wa karibu, kila kilicho nyuma yake kinabebwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu zana hii inajua "kabla ya" tu, haijui "kati ya".

Hapo kwenye tarehe simama kidogo. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zinakuja na mipangilio ya Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Ukiandika 5/3/2021 ukimaanisha tarehe 5 Machi, inasomwa 3 Mei, na barua za miezi miwili zinahamia faili ambalo hukulikusudia. Chagua tarehe kwenye kalenda ndogo inayofunguka pembeni, badala ya kuiandika kwa mkono.

Bado kuna mafaili ya zamani sana yanayozunguka ofisini, yaliyotengenezwa na Outlook za 97 hadi 2002. Hayo kikomo chake ni gigabaiti 2, hata ukiyafungua kwa Outlook ya leo. Kuyatambua, bofya kulia jina la faili kwenye orodha ya folda, chagua Data File Properties, kisha Advanced, na usome kwenye Format. Ukikuta imeandikwa 97-2002, tengeneza faili jipya la kawaida, hamishia barua humo, na uliache lile la zamani lipumzike. Hakuna namna ya kulipanua.

Sasa tuje kwenye lalamiko linalotufikia zaidi ya yote, ambalo halina hata ujumbe wa kosa. Mtu amepanga kila kitu, amesubiri, na programu imemaliza kimya.

"Fundi, sanduku lina barua elfu kadhaa za mwaka 2021. Mbona imehamisha tatu tu?"

"Dada, naomba tuongeze safu moja hapo kwenye orodha. Bofya View, View Settings, Columns. Hapo juu chagua Date/Time fields, halafu ongeza Modified."

Safu ikitokea, jibu linajisoma lenyewe. Upande wa Received kuna Februari 2021, Februari 2021, Februari 2021. Upande wa Modified, barua zile zile zina tarehe ya mwezi uliopita, zote ndani ya dakika chache za mchana mmoja. Ni siku ambayo zilipangwa upya kwenye folda za wateja.

AutoArchive haipimi umri wa barua kwa siku iliyopokelewa peke yake. Inachukua iliyo ya karibu zaidi kati ya tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho. Kuijibu barua, kuisambaza, kuihariri, kuihamisha au kuinakili kunaweza kuisogeza tarehe hiyo ya pili. Kuingiza barua kutoka kompyuta ya zamani kuja mpya kunazigeuza zote kuwa "za leo" machoni pa programu. Ofisi inayonunua kompyuta mpya na kuhamisha barua zake, halafu ikapanga miezi 6, itakaa miezi 6 mizima bila kitu kusogea.

Ufumbuzi uko kwenye Registry. Funga Outlook, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit. Nenda HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Office, 16.0, Outlook, Preferences. Namba 16.0 ni ya Outlook 2016 na zilizofuata, 15.0 ni ya 2013, na 14.0 ni ya 2010. Kabla ya kuongeza chochote, bofya kulia kwenye Preferences na uchague Export, ili uwe na pa kurudi. Kisha tengeneza thamani mpya ya aina ya DWORD, iite ArchiveIgnoreLastModifiedTime, na uipe 1. Herufi moja ikikosewa kwenye jina hilo, Outlook haitakuambia, itaipuuza tu. Fungua Outlook na ujaribu kwenye folda moja ndogo kwanza.

Kama tarehe ziko sawa na bado hakuna kinachosogea, pita folda kwa folda. Bofya kulia, Properties, kichupo cha AutoArchive. Folda ambazo watu wamezitengeneza wenyewe mara nyingi zimekaa kwenye Do not archive items in this folder, na ofisi ya forodha ina folda kwa kila mteja. Badala ya kuzibadilisha moja moja, nenda File, Options, Advanced, AutoArchive Settings, na ubofye kile kitufe cha kuzitumia kanuni hizo kwa folda zote kwa mara moja. Ukiwa hapo hapo hakikisha kisanduku cha Run AutoArchive every kina tiki, maana idadi ya siku 14 inaonekana pale hata kama kazi yenyewe imezimwa. Na chunga sana chaguo la Permanently delete old items, lililo jirani kabisa na Move old items to. La kwanza linafuta moja kwa moja. Hatujui sababu nzuri ya mtu wa ofisi kulitumia.

Kuna chanzo cha tarehe ambacho hakiko ndani ya Outlook wala ndani ya Windows. Kompyuta za mezani zilizotumika miaka mingi hufikia siku betri yake ndogo ya ubao mama inapokufa, ile bapa kama sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3. Umeme ukikatika usiku, asubuhi saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa. Kwa kompyuta inayoamini leo ni mwaka 2015, hakuna barua yoyote iliyo ya zamani, kwa hiyo hakuna cha kuhifadhi. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: mtu anairekebisha saa kwa mkono, anakosea anaweka mwaka ulio mbele, na AutoArchive inaamka na kuhamisha kila kitu hadi barua za jana. Tazama saa na tarehe chini kulia kabla ya kumlaumu mtu. Betri ni kitu cha bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya bisibisi moja.

Umeme tena. Outlook ikizimika ghafla, siku ya pili itasema kwamba faili halikufungwa ipasavyo na linakaguliwa. Iache imalize. Kompyuta itakuwa nzito kwa muda, na kishawishi cha kuizima kwa nguvu kitakuwa kikubwa, hasa mteja akiwa amesimama mlangoni na meli inapakia. Kuizima hapo ndiko kunakogeuza ukaguzi wa kawaida kuwa uharibifu wa kweli. UPS ndogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, ya kutosha kumpa mtu dakika 10 za kufunga programu ina manufaa kuliko programu yoyote ya kutengeneza mafaili inayouzwa mtandaoni.

Uharibifu wa kweli una dalili zake: kosa 0x80040600, au ujumbe unaokuambia wazi utumie SCANPST, zana ya kukagua na kutengeneza mafaili ya .pst. Zana hiyo imo ndani ya Office tayari, kwa kawaida C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, au kwenye Program Files (x86) kama Office ni ya biti 32. Kabla ya kuifungua, funga Outlook na unakili faili zima mahali pengine. Tunasema nakili, siyo hamisha. SCANPST yenyewe inakupa kisanduku cha kutengeneza nakala ya akiba kabla ya kutibu, nacho kiachie tiki yake, lakini nakala hiyo ya .bak inataka nafasi sawa na faili lenyewe. Faili la gigabaiti 20, nakala yako ya gigabaiti 20 na .bak ya gigabaiti 20 ni 60. Diski ikijaa katikati ya matibabu, umeongeza ugonjwa.

Faili liwe kwenye diski ya ndani, si flashi wala mtandao. Lichague, bofya Start, na uitazame ikipita hatua 8. Ikisema imekuta hitilafu ndogo tu zisizo na madhara, unaweza kuacha. Ikisema makosa, bofya Repair, kisha irudishe tena kuanzia mwanzo, kwa sababu pasi ya kwanza mara nyingi hufichua makosa ambayo pasi ya pili ndiyo inayoyatibu. Baadaye fungua Outlook utafute folda ziitwazo Recovered Personal Folders au Lost and Found. Zilizookolewa zinakaa humo, na nyingine hazina jina la folda zilikotoka. Tengeneza faili jipya kabisa, vuta barua zote ziingie humo kwa mafungu ya mia chache, kisha acha kulitumia lile lililougua. Faili lililotibiwa na kuendelea kubebeshwa barua mpya huugua tena.

Wengine hufuta barua nyingi kisha hushangaa faili halijapungua. Kufuta kunaacha nafasi tupu ndani ya faili. Ili lisinyae, rudi Data File Properties, Advanced, Compact Now. Kwa faili kubwa ni kazi ya saa kadhaa, basi ianze jioni, kompyuta ikiwa kwenye UPS.

Kwa sanduku la Exchange kuna mtego mmoja zaidi. Outlook haiweki barua zote kwenye kompyuta. Kwa diski inayozidi gigabaiti 64 hutunza za miezi 12 tu, kwa ndogo zaidi hutunza za miezi 3 au hata 1, na nyingine zinabaki kwenye seva. Ukisafirisha barua kwenda .pst katika hali hiyo, zinazotoka ni zile zilizoshushwa peke yake, na faili linaonekana zima ingawa miaka ya nyuma haimo. Nenda Account Settings, bofya akaunti mara mbili, sogeza kile kitelezi cha Mail to keep offline hadi All, funga na ufungue Outlook, na uiache ishushe zote kabla ya kuanza. Kwa intaneti ya huku, ipe usiku mzima.

Na mzigo wote huu unaweza kupunguzwa kwenye skana. Mashine nyingi huachwa kwenye rangi na dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2,480 kwa 3,508, nao unasomeka vizuri hadi muhuri. Kwa 600 nukta zinakuwa mara 4, na hakuna afisa anayeziona. Weka 300, na kama karatasi haina haja ya rangi, tumia kijivu.

Kumbukumbu zikishagawanywa, nakili kila faili Outlook ikiwa imefungwa, kisha ijaribu nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ishushe kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski kwanza, maana kulifungua .pst moja kwa moja kwenye flashi ni kuliandika humo. Bofya File, Open & Export, Open Outlook Data File. Chagua folda ya mteja mmoja, nenda kwenye mwezi wa katikati ya mwaka, fungua barua yenye kiambatisho, na uifungue PDF yenyewe mpaka uone namba ya kontena ikisomeka. Fanya hivyo kwa barua ya kwanza ya mwaka na ya mwisho pia. Kisha bofya kulia jina la faili, chagua Close, na uifute nakala ya majaribio kwenye kompyuta hiyo ya pili, kwa sababu ndani yake kuna siri za wateja wa watu.